Uniti Kumi na Tisa

Semboja mhasibu hubisha mara mbili
kama aliyekuja kutoa taarifa ya msiba.
"Mkuu, mita inasoma kumi na tisa."
Kumi na tisa! Na tanuri la ufinyanzi
halijui kula chini ya sitini.

Juu ya meza, barua ya Bodi, aya ya tatu:
Mkuu wa Chuo apendekeze idara ya kufungwa.
Apendekeze. Neno lenye adabu,
kisu kilichoviringishwa kitambaa.
Nimeisoma mpaka herufi zimenizoea.

Niliajiriwa hapa nichore.
Miaka minne sasa nachora kitu kimoja tu,
sahihi yangu: mkia wa S unaoning'inia
chini ya dokezo, chini ya onyo, chini ya samahani
kwa wazazi wa Muheza
waliouza machungwa yangali maua
wapate nusu ya ada.

Nje, mwalimu Shemhilu anaegemeza baiskeli ukutani.
Mshahara wa mwezi wa tatu haujaingia.
Ametoka Pongwe, na kwenye keria kiroba cha udongo
alioupondaponda mwenyewe, maana mzabuni ametugomea.
Hanisalimii kwa hasira.
Ningependa anisalimie kwa hasira.
Anasema tu, "Umelala, Mkuu?"
Nami nasema nimelala.

Semboja ana orodha, na orodha yake haisemi uongo:
mavazi wana oda za sare,
uchapaji wana mabango ya wagombea,
ufinyanzi una wanafunzi tisa na deni.
"Hesabu haina huruma," anasema, akitazama viatu vyake,
viatu ambavyo idara ya ngozi ilimshonea bure.

Nikatoka. Ukikaa mno na barua, barua huanza kukujibu.
Karakanani, Mwantumu Mbaruku
anachora nyuma ya mtihani wa mwaka juzi:
upande huu alama za mtu aliyefeli,
upande ule mkono wa mama yake akimenya mhogo.
Mkaa ameuomba kwa mama lishe wa Barabara ya Kumi na Nne.
"Madamu, ni kweli mnatufunga?"
Sikumjibu. Nikamwambia kidole gumba ni kirefu mno.
Akanitazama. Akakifuta.
Akakirefusha zaidi.

Ni Bi. Nakiete mfagizi aliyesema,
bila kuacha kupiga deki:
"Kwetu Usangi hatukuwa na mita,
na vyungu vilikuwepo."

Basi tukachimba, nyuma ya jengo la Mjerumani,
palipokuwa bustani kabla maji hayajakatwa.
Makumbi ya nazi. Randa za maseremala wa Ngamiani.
Mabaki ya mkonge, yenye moto mchoyo na moshi mkarimu.
Jirani akaja kugombea nguo zake kambani,
akabaki, akashika koleo.
Nami Mkuu, kitenge nimekikunja magotini,
masizi mpaka kwenye kope,
kwa mara ya kwanza tangu uteuzi
nilisahau cheo changu kinavyoandikwa.

Asubuhi tukafukua.
Vyungu thelathini na kimoja. Kumi na saba vimepasuka.
Sitasema vilivyosalia vilipendeza:
kimoja kimeinama kama mtu anayetega sikio ukutani,
kimoja kina doa jeusi ambalo Shemhilu
alilizunguka mara tatu, kimya,
kisha akaenda kunawa uso.

Bodi inakutana Alhamisi.
Sijawahi kusikia barua iliyobatilishwa na chungu.
Nimejibu kwa neno moja: sipendekezi.
Niliongeza sababu, nikazifuta; zilikuwa zinapiga magoti.
Kisha sahihi, na mkia wa S ukaenda kombo,
ukaacha jivu kwenye karatasi ya serikali.
Semboja akauliza kama achape upya.
"Iache," nikasema. "Mita inasoma ngapi?"
"Kumi na nane."